Mtungi Mwekundu na Oili ya Supamaketi

Nekesa mama,

Nimeitia barua hii ndani ya kiatu chako cheusi cha kazi, cha mguu wa kulia, kwa sababu nakujua. Ningeiweka kwenye mkoba ungeisoma kabla basi halijafika Limuru, halafu ungenipigia simu tulie pamoja mbele ya abiria. Kiatu hutakivaa mpaka siku ya kwanza ya kazi. Nataka uisome hapo, ukiwa umekaa kitandani Nakuru na soksi mguu mmoja, kabla hujaenda kusimama nyuma ya ile kaunta ya kampuni ya magari.

Saa hizi uko Ziwani kumuaga shangazi yako. Baba yako amelala mbele ya televisheni na ukimzimia anasema alikuwa anasikiliza habari. Meza yote ni yangu, na chai yangu imeshapoa.

Sitakuambia lolote juu ya maji ya kunywa, mwenye nyumba, wanaume, wala kanisa. Hayo nimeyasema mpaka siku hizi unayamalizia kabla yangu. Nataka kukuambia juu ya oili ya gari. Cheka kwanza, nakungoja.

Wiki iliyopita ulirudi kutoka mafunzo yenu na njaa na hadithi. Tulikuwa tunakula. Ulitueleza jinsi mlivyokaa kwenye chumba chenye hewa baridi, mkapewa sambusa, na mtu akawaonyesha picha ukutani za injini zilizokufa. Baba yako akakuuliza mnawaambia nini wateja wanaofanya sevisi mahali pengine. Ukajibu huku ukimega ugali:

"Ni rahisi. Mtu akisema aliweka oili ya supamaketi, unamwambia tu waranti imekufa. Hawasomangi kile kitabu cha gari."

Ukacheka. Baba yako akacheka kwa sababu wewe umecheka. Mimi nikainuka nikaenda kuosha sufuria iliyokuwa imeshaoshwa. Baadaye nilikusikia ukimwambia baba yako kwamba nimeanza kuumia kwa sababu unaondoka. Sikuwa nimeumia. Nilikuwa nimeshikwa na kinyaa. Maneno hayo niliwahi kuambiwa mimi, kwa sauti ya kirafiki kama hiyo yako, na mtu mwenye shati kama lile lako la kazi linaloning'inia hapo mlangoni likingoja kukunjwa.

Kwa hiyo ngoja nikusimulie habari za gari letu. Unadhani unazijua.

Unalikumbuka lilivyokuja. Mtaa wetu wote wa Lucky Summer ulikuwa na magari yaliyoingia nchini yakiwa tayari yamechoka, na letu lilikuwa jipya, jeupe, halijawahi kukaliwa na mtu. Nilikataa kutoa nailoni kwenye viti. Watoto wa shule niliokuwa nikiwabeba walikuwa wakigandana na viti kwa jasho, wakishuka unasikia mlio kama wa plasta ikibanduliwa, na bado nikakataa. Wazazi walikuwa wakiliona lile gari wananipa watoto wao bila maswali. Nilijiona mtu.

Lilikuja na waranti. Kampuni ilisema injini ikiharibika kwa kosa la kiwandani kabla muda haujaisha, wao ndio watakaoitengeneza. Sharti lao lilikuwa gari lipate sevisi kwa wakati, kwa oili inayofaa, na tuweke risiti. Sevisi za kwanza zilifanywa kwao na zilikuwa za bure. Zilipoisha za bure nikaonyeshwa bei ya oili yao, nikaona kwamba kila nikibadilisha oili nitakuwa nimemchinjia mtu mbuzi. Nikaondoka pale bila kuaga.

Ndipo nikanunua ile ya supamaketi, yenye jina la supamaketi lenyewe ubavuni, jina lilelile lililo kwenye unga na sabuni yao. Niliibeba nyumbani na wasiwasi tele. Wewe ulikuwa kidato cha pili, umetoka shule, mdomo umejaa mkate. Ulikitoa kitabu cha gari kwenye bahasha yake, ukauweka mtungi mezani, ukaugeuza ukasoma upande wa nyuma, ule wenye maandishi madogo ambayo watu hawasomi. Ulikuwa unapeleka kidole kitabuni, halafu mtungini, halafu unarudi kitabuni.

"Mum, kitabu kinasema uzito wa 5W-30, na hii ni 5W-30. Hizi herufi za daraja pia ni zilezile. Hakuna mahali wamesema lazima ikuwe yao."

Ulisoma ukurasa wote mara nyingine ili uwe na hakika, kisha ukarudi kwenye mkate wako. Ulikuwa sahihi, Nekesa. Nitalirudia hili mbele, lakini nataka ulione hapa kwanza likiwa peke yake. Ulikuwa sahihi kila herufi.

Sasa uniruhusu nikupeleke gereji kwa Kariuki, maana huko ndiko mama yako alikoharibikia.

Unajua kibanda chake kilipo, barabara ya kwenda Baba Dogo. Wenye magari ya shule wote tulikuwa tunatengeneza hapo siku za Jumamosi. Kuna desturi pale ambayo labda hukuwahi kuiangalia vizuri. Fundi akishamimina oili kwenye injini, mwenye gari anapewa msumari na jiwe, anautoboa mtungi mtupu hapohapo, mbele ya wote. Ni kwa sababu mtungi mzima wenye jina kubwa una soko lake. Waokota taka wanauchukua, unauzwa kwa watu wanaochuja oili chafu kwa kitambaa, unajazwa, unafungwa kifuniko kipya, na mwezi ujao unakuta unauziwa wewe. Mtungi ukitobolewa hauna kazi tena. Ni desturi nzuri. Ina ubaya mmoja tu: kwa kuwa kila mtu anatoboa wake mbele ya watu, kila mtu anaona wa mwenzake.

Na pale kwa Kariuki wote walikuwa wanatoboa mtungi mwekundu. Sitalitaja jina lake, unalijua, limeandikwa kwenye kofia za nusu ya mafundi wa Nairobi. Jumamosi hiyo mimi nikatoa mtungi wangu wa supamaketi. Kariuki akaushika kwa vidole viwili kama anashika nepi.

"Mathe, hii si ndiyo ya kukaanga chapo?"

Eti mafuta ya chapati! Wakacheka mpaka mmoja akaketi kwenye tairi. Nikacheka nao, ungefanya nini? Nilimwambia Kariuki kwamba daraja ni lilelile, binti yangu amesoma. Akasema binti yangu asome vitabu vya shule. Lakini aliyeniua hasa ni Mama Ciku, yule mwenye gari la njano tuliyekuwa tunashindania naye wateja. Yeye hakucheka. Alinihurumia. Alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama mambo ni magumu nyumbani, kwa sababu wazazi wakisikia watoto wao wanabebwa kwa oili ya duka watauliza na breki ni za wapi.

Nilienda nyumbani nikiwa nimejaa hasira na aibu, na mwanangu, hivyo vitu viwili vikikaa pamoja kichwani havizai akili.

Sevisi iliyofuata sikutaka kuchekwa. Kununua ule mwekundu sikutaka pia, maana nilijua ninayo oili inayofaa kwa bei ya adabu. Basi nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka nataka kuoga. Nilimtafuta muokota taka mmoja nyuma ya soko, nikanunua kwake mtungi mwekundu mtupu, mzima, ambao haukutobolewa. Umenielewa? Nilinunua kitu kilekile ambacho desturi yetu yote ya msumari iliwekwa ili kisiuzwe. Nikauosha, nikauanika siku nzima ukakauka kabisa. Kisha nikajifungia bafuni na faneli ya kumiminia, mama mzima na mtandio wake wa kanisa kichwani, nikahamisha oili ya supamaketi kuitia kwenye mtungi mwekundu. Baba yako akagonga mlango kuuliza kama tumbo linauma. Nikamwambia ndiyo.

Matapeli hutia oili chafu kwenye mtungi wa jina kubwa. Mimi nilitia oili safi kwenye mtungi wa jina kubwa. Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba hilo si kosa, eti nani ameumia. Jumamosi nikafika kwa Kariuki kichwa juu. Akaimimina ile ile oili ya chapo, akaipaka kwenye vidole, akaiangalia kwenye mwanga, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Sasa hii ndiyo oili, mathe."

Nikachukua msumari nikautoboa mtungi kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama Ciku akaniona. Nikafurahi wiki nzima, mjinga mimi. Na sevisi baada ya hiyo nikafanya vilevile.

Halafu asubuhi moja, watoto wakiwa ndani, tukikaribia Baba Dogo, taa ya oili ikawaka na injini ikaanza kugonga. Nikasimama, nikawashusha watoto, Mama Ciku akaja akawabeba wote kwa huruma yake. Gari likavutwa kwa kamba mpaka kwenye kampuni. Sikuwa na hofu kubwa. Waranti ilikuwa bado hai, sevisi zote zilifanywa kwa wakati, na ndani ya mkoba nilikuwa na kitabu cha gari, na katikati ya kitabu, risiti zote za supamaketi zimebanwa kwa kibanio cha nywele. Mama yako ni mpangaji wa mambo. Huo upumbavu wangu niliupanga vizuri kabisa.

Kwenye kaunta kulikuwa na watu wawili. Mmoja mwanamume wa umri wa baba mdogo wako, shati limenyooka, jina kifuani, tabasamu la mtu anayeuza viwanja. Mwingine msichana mdogo, mgeni kazini, aliyekuwa na mhuri na kidau cha wino mbele yake. Yule mwanamume hakwenda kuliangalia gari. Hakuinua boneti. Gari liko nje pale, bado limefungwa kamba, na yeye aliniuliza tu nimekuwa nikitumia oili gani.

Jibu nilikuwa nalo mkobani. Lakini nyuma yangu kulikuwa na viti, na kwenye viti kulikuwa na wanaume wenye funguo nzito wakingoja magari yao, na wote walikuwa wamenyamaza kunisikiliza. Nikamsikia Kariuki na chapo zake. Nikasema, "Ya mtungi mwekundu."

Nikalisema kwa sauti kubwa, Nekesa. Nikaangalia hata nyuma.

Akaniomba risiti ya huo mtungi mwekundu. Sikuwa nayo, ningeitoa wapi? Nikaanza kusema fundi ndiye alinunua, mara fundi amesafiri, nikajichanganya kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Yule bwana akatabasamu zaidi. Akaniambia kwa upole kwamba hawawezi kujua nimeweka nini kwenye injini. Kisha akaongeza hili, na hili ndilo lililonirudia wiki iliyopita nikiwa na ugali mkononi:

"Na kama ulikuwa unaweka zile za supamaketi, mama, waranti ilikufa kitambo. Sisi tunakubali yetu peke yake."

Uongo mtupu. Kitabu chao wenyewe kilisema namba na daraja, au zaidi ya hapo, basi. Hakikutaja jina la mtu. Ningekuwa nimekuja na ukweli, ningemfungulia ule ukurasa uliosoma wewe, nikaweka risiti juu yake, tukaangaliana. Pengine angenikataa vilevile, sikatai, watu kama wale wana milango mingi ya kukutolea. Lakini ningekuwa na pa kusimama. Ningepeleka malalamiko mbele. Badala yake yeye alikuwa na uongo wake, mimi nikampa wangu, na wangu ndio aliouandika.

Bado sijamaliza. Aliniomba kitabu ili kipigwe mhuri wa kufuta waranti. Nikakitoa, nikasahau risiti zilizo ndani. Akampa yule msichana. Msichana akakifungua, akakutana na kibanio cha nywele na risiti za supamaketi zimeshikamana, tarehe zote, na jina la oili, daraja na namba yake. Nikamwona akisoma. Si kwamba alitupa jicho tu, alisoma, kama ulivyokuwa ukisoma wewe, na kidole. Akainua macho akaniangalia. Alijua. Alijua oili niliyotumia ni ipi, alijua nimedanganya, na naamini alijua pia kwamba oili ile inafaa, kwa sababu alirudi kuangalia ukurasa wa kitabu. Akafungua mdomo.

Yule mwanamume, bila kumwangalia, akasema, "Piga mhuri."

Akafunga mdomo, akapiga mhuri. Akarudisha risiti zangu ndani ya kitabu taratibu, akazibana vizuri na kile kibanio, akanipa kwa mikono miwili kwa adabu. Adabu yake ilinichefua kuliko tabasamu la yule mwingine. Mpaka leo.

Nilipofika nyumbani wewe na baba yako mlikuwa mnangoja mezani. Mkaniuliza. Nikasema, "Ni ile oili ya supamaketi. Wamesema ndiyo imeua injini."

Nilikuwa nimechoka, nilitaka maneno mafupi. Sikukuangalia nilipokuwa nikisema. Baadaye tu ndipo nilipoona umekifunga kitabu chako cha hesabu na umeketi mikono chini ya mapaja. Tangu siku ile hukuwahi kunisomea chochote tena, hata karatasi ya dawa. Nikikuomba unasema, "Soma mwenyewe, Mum, nisije nikakosea." Nilidhani ni ujana. Gari likauzwa kama mfupa, na ulipomaliza shule karo haikuwepo, ukakaa nyumbani mwaka mzima ukinisaidia mandazi wakati wenzako wako chuoni, na hukulalamika hata siku moja. Nilikusifu kwa watu kwamba una moyo. Kumbe ulikuwa unalipa deni ambalo halikuwa lako.

Aliyelinunua gari alikuwa jamaa wa Kware anayefufua magari. Alirudi siku moja kuchukua ufunguo wa pili. Wewe ulikuwa umeenda kununua unga. Akasimama hapo mlangoni akaniambia gari linatembea. Alikuwa ameifungua injini akakuta pampu ya oili ina kasoro tangu kiwandani, na ameshaona magari mengine ya aina ileile yana ugonjwa huohuo, wenye magari hayo wakatengenezewa bure.

"Oili yenu ilikuwa safi kabisa," akasema. "Walikunyima aje?"

Nikampa ufunguo. Nikafunga mlango. Ulipokuja na unga nikakuuliza mbona umechelewa.

Hapo ndipo ningekuambia. Nilikuwa na mlango, jiko, na mtoto amesimama mbele yangu na kilo mbili za unga. Nikaona aibu ya mtungi, ile ya bafuni. Nikasema nitakuambia ukimaliza shule, nikasema ukipata chuo, nikasema ukipata kazi. Umepata kazi, na imekuwa kazi hii. Mungu naye ana utani wake.

Kwa hiyo sikia. Hukuliua gari. Ulisoma vizuri. Pampu ndiyo iliyoliua, waliolizika ni yule mwenye tabasamu na mimi.

Usidhani ninakuambia kila oili ya supamaketi ni nzuri. Baada ya mambo hayo nikawa na ugonjwa wa kwenda kwenye rafu na kugeuza mitungi, walinzi wananifuata wakidhani naiba. Nimekuta mingine daraja lake ni la zamani, haiwezi kufaa gari jipya. Nimekuta mmoja una picha ya gari la mashindano mbele, na nyuma hauna namba wala herufi, umeandikwa tu kwamba unafaa magari yote. Dawa inayoponya magonjwa yote haiponyi hata mafua. Mteja akikuletea huo, mwambie ukweli mchungu, kwamba ameweka uchafu, na usimpake mafuta. Nimeona vilevile mitungi ya majina makubwa yenye vifuniko vilivyokaa vibaya, na bei ya kutisha, na ndani Mungu ndiye ajuaye. Jina la mbele si ushahidi. Ushahidi uko nyuma ya mtungi, kwenye kitabu, kwenye risiti, na kwenye tarehe. Wewe unayajua haya. Uliyajua mdomo ukiwa na mkate.

Kinachonichefua ni kwamba nao wanayajua. Yule aliyewalisha sambusa akawaonyesha injini zilizokufa anakijua kile kitabu kuliko sisi wote. Amekaa akapanga kwamba watu hawasomangi, na juu ya kutosoma kwao akajenga mshahara. Na wewe ukaja ukanisimulia huku unacheka. Sikukulaumu usiku ule kwa sababu nilijua ni nani aliyekufundisha kuamini hivyo kabla yake. Ni mimi, kwenye meza hii hii.

Sikuambii uache kazi. Kazi ni ngumu kupatikana na shati linakupendeza. Sikuambii pia uwatukane wakubwa wako siku ya kwanza. Lakini siku yaja, na haitachelewa, atakapokuja mwanamke na gari lake limevutwa. Atakuwa amevaa vizuri kupita kiasi kwa ajili yenu. Mkubwa wako atamuuliza anatumia oili gani, na yeye atatazama viti vya nyuma kwanza, halafu atataja jina kubwa. Utamjua. Utakifungua kitabu chake na utaona risiti zinazosema kitu kingine.

Wakikufukuza kwa utakachofanya hapo, rudi, chumba ni chako na mandazi bado tunapika. Wakikupandisha cheo kwa kunyamaza, rudi pia kutusalimu, ila nitakukaribisha kwenye kochi, nikuandalie soda kwenye glasi ya wageni.

Nimemchukia yule msichana wa mhuri miaka hii yote, na sasa ana umri kama wako kwenye kichwa changu, hakui. Nikiwaza sana naona alikuwa anaogopa tu, mgeni kazini, amenyolewa shingo, ana viatu vipya. Lakini mimi nilikuwa nimeegemea ile kaunta, Nekesa, na ukweli ulikuwa umeshafika kooni. Nilikuwa naona haya, sikuwa nimekataa. Mtu mmoja angeniuliza tena, kwa sauti ya chini, bila wale wanaume kusikia, ningemwambia yote, hata ya bafuni.

Hakuna aliyeniuliza mara ya pili.

Basi akija mama huyo, weka mhuri chini. Muulize tena.

Mama yako